Kompyuta ya nyumbani haihitaji jina lililosajiliwa ili itume barua pepe

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tuzungumze na wakazi wa Mombasa wanaoendesha shughuli zao kwa kompyuta ya nyumbani. Wapo makarani wa kuondoa mizigo bandarini wanaotuma hati wakiwa sebuleni Bamburi, wenye nyumba za wageni Nyali wanaotuma risiti, waweka hazina wa vyama, na wale waliofunga kamera za ulinzi ambao wangependa mashine iwaandikie yenyewe usiku jambo likiharibika. Wengi wamejaribu kuifanya kompyuta itume barua pepe, barua zikagoma, kisha wakaambiwa dawa ni kununua domeni (jina la intaneti linalosajiliwa) na kulipia kila mwezi anwani ya IP (namba ya mtandao wako kwenye intaneti) isiyobadilika. Kwa kazi ya kutuma tu, hayo mawili hayahitajiki. Tena aghalabu hata yakinunuliwa barua huendelea kukataliwa, na mteja akawa ametoa pesa zake bure. Kinachohitajika ni akaunti ya barua pepe ambayo mtu anayo tayari, programu moja ndogo ya bure, na mistari kama kumi ya mipangilio.

Tuanze na sababu ya barua kukataliwa, kwa kuwa asiyeielewa huuziwa chochote. Seva mbili za barua zinapokutana, ile inayotuma hujitambulisha kwa neno EHLO likifuatwa na jina lake. Kompyuta iliyotoka kuwekewa Ubuntu, mfumo wa bure wa Linux, ikiachwa ipeleke barua yenyewe moja kwa moja hadi kwa mpokeaji, husema hivi na kujibiwa hivi:

EHLO ubuntu
MAIL FROM:<mimi@ubuntu>
RCPT TO:<mpokeaji@example.com>
504 5.5.2 <ubuntu>: Helo command rejected: need fully-qualified hostname

Seva ya mbele imekataa kwa sababu "ubuntu" si jina kamili. Kanuni za SMTP, lugha ambayo seva hupelekeana barua, zilizotolewa mwaka 2008, ziitwazo RFC 5321, zinadai jina kamili lenye domeni au, likikosekana, anwani ya IP ndani ya mabano ya mraba. Fundi akiona hivyo huibatiza mashine jina lenye nukta, tuseme duka.local. Lango la kwanza linapitika, la pili linamfungia: seva ya mbele inaitafuta domeni ya mtumaji kwenye DNS, daftari la majina na anwani za intaneti, haioni kitu, na kujibu 450 4.1.8 Sender address rejected: Domain not found. Hapo ndipo mteja anapotumwa akanunue jina la .co.ke.

Akishalinunua anakutana na lango la tatu, na hili pesa ya domeni hailifungui. Seva ya mbele huichukua anwani ya IP iliyoipigia na kuiuliza DNS kinyumenyume: anwani hii ina jina gani? Jibu hukaa kwenye rekodi iitwayo PTR, na rekodi hiyo haiandikwi na mwenye domeni. Huandikwa na mwenye anwani, yaani kampuni ya intaneti. Mteja wa nyumbani atakuta pale pana jina refu la tarakimu alilopangiwa na kampuni, au hapana kitu kabisa. Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila anayepeleka barua Gmail awe na PTR inayokubaliana na jina lake, pamoja na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa domeni hiyo) au DKIM (saini ya domeni kwenye barua). Huduma za bure zinazokupa jina linalofuata anwani yako kila inapobadilika hazisaidii hapa, maana zinajibu swali la "jina hili lina anwani gani" na si lile la kinyume.

Lango la nne ni orodha. Spamhaus, shirika linalopambana na barua taka, wana orodha inayoitwa PBL, ambamo zimeandikwa anwani za majumbani ambazo hazitarajiwi kupeleka barua moja kwa moja kwa seva za watu. Mtu akiona anwani yake humo hushtuka, akadhani amepata virusi au ameshtakiwa. Si hivyo. PBL haisemi umefanya kosa. Inasema tu kwamba anwani yako ni ya nyumbani, na hilo ni kweli. Hakuna sababu ya kupoteza siku ukiomba kuondolewa.

Na kabla ya malango yote hayo, huenda barua isitoke hata nje ya nyumba. Kampuni nyingi za intaneti duniani huifunga poti ya 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, kwa wateja wa nyumbani ili kompyuta zenye virusi zisimwage taka. Dalili yake ni Connection timed out baada ya kungoja sana. Juu ya hayo, nyumba nyingi hazina anwani ya IP ya peke yao. Ingia kwenye ruta, tazama anwani ya upande wa nje. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, au ikiwa ni 10 kitu, basi unashiriki anwani moja ya nje na wateja wengine, na tabia zao zinahesabiwa kwako pia. Nyaya za Seacom na TEAMS zilitua hapa kwetu Mombasa mwaka 2009, na kasi ya intaneti majumbani leo si haba; lakini kasi haina uhusiano wowote na haya.

Njia iliyo sawa ni kuacha kupeleka moja kwa moja. Mwenye kifurushi cha kwenda Nairobi hukipeleka ofisi ya basi, akaandikiwa risiti, na basi ndilo lenye kibali cha barabara. Vivyo hivyo, kompyuta ya nyumbani iikabidhi barua kwa seva ambako una akaunti, ijitambulishe kwa nenosiri, na seva hiyo ndiyo iendelee na safari. Makabidhiano haya hayafanywi kwenye poti ya 25. Yana poti yake ya 587, ambako mazungumzo huanza wazi kisha hufungwa kwa amri ya STARTTLS, au poti ya 465, ambako hufungwa tangu mwanzo. Kwenye poti hizi seva haikuulizi PTR wala haijali PBL, kwa kuwa imekutambua kwa nenosiri. Jina utakalotaja kwenye EHLO haiendi kulikagua. Ndiyo maana kompyuta isiyo na jina popote duniani inaweza kutuma barua zinazofika kwenye kikasha, si kwenye folda ya taka.

Anayetumia Thunderbird au Outlook kuandika barua zake mwenyewe anafanya hivi tayari bila kujua, na hana la kubadilisha. Maelezo yanayofuata ni ya wale ambao programu zao zinatakiwa zitume bila mtu kuketi mbele ya kioo. Tunachukua mfano wa Gmail na Ubuntu au Debian kwa kuwa ndivyo vilivyo mikononi mwa wengi.

Kwanza nenosiri. Tangu mwishoni mwa Mei 2022 Google haikubali tena programu ya nje iingie akaunti ya kawaida kwa nenosiri lile lile unaloingilia kwenye simu. Washa uthibitishaji wa hatua mbili katika akaunti, kisha tengeneza nenosiri la programu. Utapewa herufi 16 zilizoonyeshwa kwa mafungu manne ya nne nne. Ziandike zikiwa zimeshikana, bila nafasi. Herufi hizo hazionyeshwi mara ya pili. Zikipotea, futa na utengeneze nyingine. Na ujue kwamba ukibadilisha nenosiri kuu la akaunti, manenosiri yote ya programu hufutwa papo hapo. Barua zilizokuwa zikienda vizuri mwaka mzima zikikatika ghafla, swali la kwanza la kumwuliza mwenye akaunti ni kama amebadilisha nenosiri juzi.

Programu tunayoipendekeza kwa nyumba yenye kompyuta moja na intaneti isiyokatikakatika ni msmtp. Ni ndogo, haihitaji kukaa ikisikiliza poti yoyote, na mipangilio yake yote ni faili moja. Iweke hivi:

sudo apt install msmtp msmtp-mta ca-certificates

Kifurushi cha msmtp-mta ndicho kinachoifanya ishike nafasi ya amri ya sendmail, ambayo programu nyingine huitafuta zinapotaka kutuma barua. Kisha andika faili ~/.msmtprc:

defaults
auth on
tls on
tls_trust_file /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt
logfile ~/.msmtp.log

account default
host smtp.gmail.com
port 587
from anwani-yako@gmail.com
user anwani-yako@gmail.com
password herufi16zilizoshikana

Usisahau chmod 600 ~/.msmtprc. Faili hilo lina nenosiri, na msmtp yenyewe hukataa kulisoma likiwa wazi kwa watumiaji wengine. Ukiamua kutumia poti ya 465, ongeza mstari tls_starttls off. Usipouongeza programu itaduwaa, yenyewe ikingoja seva isalimie kwanza na seva ikingoja yenyewe ianze kufunga mazungumzo, hadi muda uishe. Jaribu kwa amri hii:

printf 'Subject: Jaribio\n\nHabari za Mombasa.\n' | msmtp -v mpokeaji@example.com

Weka anwani ya kweli mahali pa hiyo ya mfano. Kwa sababu ya -v utaona mazungumzo yote, mstari kwa mstari, na karibu na mwisho namba 250 ikimaanisha seva imeipokea. Utaona pia msmtp ikijitambulisha kwa EHLO localhost. Liache hivyo hivyo, halizuii kitu. Kazi za cron (zinazojianzisha zenyewe kwa saa zilizopangwa) zinazoendeshwa kwa jina lako zinahitaji jambo moja zaidi: andika MAILTO=anwani-yako@gmail.com juu kabisa ya crontab, la sivyo cron itamwandikia mtumiaji kwa jina tupu lisilo na domeni, na seva ya mbele itakataa. Zile za root, msimamizi mkuu wa kompyuta, hulitafuta faili nyumbani kwa root, kwa hiyo mipangilio yao iwekwe /etc/msmtprc, nayo ilindwe vivyo hivyo.

Upungufu wa msmtp ni mmoja nao ni mkubwa kwa mitaa yetu: haina foleni. Intaneti ikiwa imekatika dakika ile barua inapotumwa, barua imepotea, na alama pekee ni mstari kwenye ~/.msmtp.log. Pale ambapo stima hupotea mara kwa mara, au ambapo kifaa zaidi ya kimoja kitatuma, tumia Postfix. Kazi yake ni ndefu kidogo lakini huhifadhi barua na kujaribu tena.

sudo apt install postfix libsasl2-modules ca-certificates

Usakinishaji utakuuliza aina, chagua Satellite system. Kisha utakuuliza System mail name, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Watu huandika gmail.com kwa kuwa anwani yao ni ya Gmail. Debian huliingiza jina hilo katika mstari wa mydestination, maana yake Postfix inaamini kwamba yenyewe ndiyo Gmail. Kuanzia hapo kila barua ya kwenda kwa mtu yeyote wa Gmail haitoki nje. Inatafutwa mwenyewe ndani ya kompyuta ile ile, na inarudi na maneno unknown user. Barua za Yahoo zinaenda, za Gmail haziendi, na fundi anahangaika na ruta.

Jina la kuandika ni lile lisiloweza kuwa la mtu mwingine. Mwaka 2018 RFC 8375 ilitenga home.arpa kwa ajili ya mitandao ya nyumbani, basi iite mashine tudor.home.arpa, au likoni.home.arpa, vyovyote upendavyo kabla ya nukta ya kwanza. Usitumie .local, kwa kuwa imetengwa kwa vifaa vinavyotafutana vyenyewe ndani ya nyumba, na usibuni jina la .co.ke ambalo hujalisajili. Huenda lina mwenyewe, au atalisajili mtu kesho. Chagua pia kwa tahadhari. Jina utakalotaja kwenye EHLO, pamoja na anwani yako ya IP, Gmail huliandika katika mstari wa Received ulio kichwani mwa kila barua, na mpokeaji yeyote anayejua pa kubonyeza ataliona. Jina kamili la mtu na la mtaa anakoishi havifai kukaa pale, kwa hiyo tudor na likoni ni mifano tu kwa asiyeishi mitaa hiyo.

Sasa fungua /etc/postfix/main.cf na uhakikishe mistari hii imo:

myhostname = tudor.home.arpa
mydestination = $myhostname, localhost
inet_interfaces = loopback-only
relayhost = [smtp.gmail.com]:587
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous
smtp_tls_security_level = secure
smtp_tls_CAfile = /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt
smtp_generic_maps = hash:/etc/postfix/generic
delay_warning_time = 4h

Baadhi ya mistari hii tayari imo kwenye faili ikiwa na thamani nyingine. Itafute na kuibadilisha pale pale ilipo. Ukiiongeza chini tu, Postfix itafuata wa mwisho na kukulalamikia kila siku kwa overriding earlier entry.

Mabano ya mraba kwenye relayhost yanaiambia Postfix iende moja kwa moja kwa seva hiyo bila kuuliza DNS nani anayepokea barua za jina hilo. Faili la nenosiri, /etc/postfix/sasl_passwd, lina mstari mmoja:

[smtp.gmail.com]:587 anwani-yako@gmail.com:herufi16zilizoshikana

Sehemu ya kwanza ya mstari huo lazima ifanane na relayhost herufi kwa herufi, mabano na poti pia. Ukisahau mabano upande mmoja, Postfix haioni nenosiri, inatuma bila kujitambulisha, na seva inajibu 530 5.7.0 Authentication Required. Fundi asiyejua hubadilisha nenosiri mara tano ilhali nenosiri halina kasoro yoyote.

Faili la generic ndilo linaloziba pengo la jina, na ndilo watu huliruka. Lina mstari huu:

@tudor.home.arpa anwani-yako@gmail.com

Bila huo, barua ya cron hutoka ikiwa imeandikwa root@tudor.home.arpa, na seva isipoirekebisha, akijibu mtu jibu lake halina pa kwenda. Ukishaweka, kila anwani yenye jina la nyumbani hugeuzwa kuwa ya Gmail inapotoka nje, kwenye bahasha na kwenye kichwa cha barua vilevile. Bahasha na kichwa ni vitu viwili tofauti: bahasha ni MAIL FROM iliyosemwa baina ya seva, na ndiko barua iliyoshindikana hurudishwa, kichwa ni ule mstari wa From anaouona msomaji. Kurekebisha kimoja na kuacha kingine hakutoshi.

Katika /etc/aliases andika root: anwani-yako@gmail.com, ili taarifa za mfumo zikufikie. Kisha malizia:

sudo postmap /etc/postfix/sasl_passwd /etc/postfix/generic
sudo chmod 600 /etc/postfix/sasl_passwd /etc/postfix/sasl_passwd.db
sudo newaliases
sudo systemctl restart postfix

Kila ukigusa mojawapo ya mafaili yale mawili, postmap irudiwe. Postfix husoma lile lenye .db, si lile uliloandika kwa mkono.

Yanayoharibika baada ya hapo yana dalili zake, nazo husomwa katika /var/log/mail.log au kwa journalctl. Ukiona no mechanism available, kifurushi cha libsasl2-modules hakimo. Ukiona 535 5.7.8 Username and Password not accepted, umetumia nenosiri la kawaida badala ya lile la programu, au lile la programu limefutwa. Ukiona Network is unreachable ikiambatana na anwani ndefu yenye nukta mbili mbili, ni IPv6 inajaribiwa kwenye intaneti isiyo nayo; haidhuru, ila ukitaka kuinyamazisha weka inet_protocols = ipv4. Poti ya 587 ikigoma kabisa kwenye intaneti fulani, hamia 465 kwa kubadilisha relayhost na mstari wa sasl_passwd, na kuongeza smtp_tls_wrappermode = yes.

Kasoro moja tunairefusha kwa kuwa kompyuta za mitumba zimejaa mjini na hewa yetu ya chumvi hula vyuma. Betri bapa ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu ikifa, au kishikio chake kikiota kutu, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka kadhaa kila stima inapokatika. Mwenye kompyuta haoni tatizo lolote isipokuwa tarehe iliyo pembeni mwa kioo. Lakini cheti cha seva ya Gmail kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayodhani ni mwaka 2015 itasema cheti hicho bado hakijaanza kutumika, na kukataa kukabidhi barua. Kosa kwenye logi litazungumzia cheti, si saa, na mtu ataanza kuondoa ukaguzi wa vyeti. Asiuondoe! Hapo ndipo nenosiri linaweza kuibwa njiani. Andika timedatectl, tazama kama saa ni sahihi na kama inalinganishwa na mtandao, kisha badilisha betri.

Anayetaka kuiuliza seva mwenyewe bila programu kati yao atumie:

openssl s_client -quiet -starttls smtp -crlf -connect smtp.gmail.com:587

Neno -quiet si la mapambo. Bila hilo, mstari wowote unaoanza na R kubwa huchukuliwa na openssl kuwa amri yake ya kuanza upya makubaliano ya siri, na RCPT TO inaanza na R kubwa. Majaribio hukatika hapo hapo na lawama huangukia seva isiyo na hatia. Kuandika rcpt to kwa herufi ndogo pia kunatosha.

Kuhusu foleni: mailq huonyesha barua zinazongoja na sababu ya kungoja kwake. Postfix hujaribu tena baada ya dakika 5, kisha huzidi kusubiri hadi saa moja na dakika saba hivi kati ya jaribio na jaribio. Intaneti ikirudi na hutaki kungoja, andika sudo postqueue -f. Barua isiyopita kwa siku 5 hurudishwa kwa mtumaji. Bila mstari wa delay_warning_time tuliouweka, Postfix haisemi neno siku zote hizo, na karani atadhani hati za meli zimefika ilhali zimelala kwenye diski. Lakini tahadhari: onyo lenyewe ni barua pepe. Kama kilichoharibika ni nenosiri, onyo nalo litakwama kwenye foleni ile ile. Kwa hiyo mailq itazamwe kwa macho, walau kila Jumatatu asubuhi.

Kamera za ulinzi zina shida yao. Vinasio (mashine zinazorekodi picha za kamera) vingi vya zamani haviwezi usimbaji ambao Gmail inaudai leo, na hakuna mpangilio wa kuvisaidia. Suluhisho ni kuvielekeza kwenye Postfix ya kompyuta iliyo ndani ya nyumba, poti ya 25, bila nenosiri, nayo ikabidhi mbele kwa usalama. Badilisha inet_interfaces iwe all, na mynetworks iwe 127.0.0.0/8 192.168.1.0/24, ukiangalia kwanza ruta yako inagawa anwani za fungu gani. Kwenye kinasio, mtumaji aandikwe anwani ile ile ya Gmail. Kamwe usiandike 0.0.0.0/0 kwenye mynetworks, na usifungue poti ya 25 kwenye ruta kuelekea ndani. Ukifanya hivyo mtu yeyote duniani atamwaga taka zake kwa jina lako, na akaunti itafungwa.

Gmail ya kawaida huruhusu barua 500 kwa siku. Kwa risiti za nyumba ya wageni ni nyingi kupita kiasi. Kwa matangazo ya biashara hazitoshi, na matangazo hayafai kupitia njia hii. Tena Gmail hubadilisha mstari wa From uwe anwani ya akaunti, isipokuwa kama anwani nyingine umeisajili na kuithibitisha ndani ya akaunti hiyo. Anayetaka wateja waone jina la biashara yake, huyo ndiye mwenye sababu ya kununua domeni, naye asiiunganishe na anwani ya nyumbani. Akodi huduma ya barua kwa domeni hiyo, aweke DKIM atakayopewa na huduma hiyo, na rekodi moja ya SPF. Akichagua huduma ya Google, ni hii:

v=spf1 include:_spf.google.com ~all

Moja tu. Wengine huongeza ya pili wanapobadilisha huduma, na seva za mbele zikikuta mbili huzihesabu zote kuwa batili. Kwenye kompyuta ya nyumbani hakibadiliki kitu ila anwani, nenosiri na, ikiwa huduma ni nyingine, jina la seva kwenye relayhost. Mashine inabaki tudor.home.arpa.

Kila kompyuta na ipewe nenosiri lake la programu, hata kama akaunti ni moja. Mashine ikiibwa, ikiuzwa au ikipelekwa kwa fundi na diski yake, ingia kwenye akaunti kwa simu na ulifute la mashine hiyo peke yake. Nyingine zitaendelea kutuma bila kuguswa.

Mafundi wa kompyuta na mitandao,
Mombasa.